Sahani ya Kafedha

Junda, Kisauni
Jumapili, 4 Agosti 2024

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Wajionaje? Goti linakuacha ulale? Mimi na mwenyeji wangu Shaza hatujambo, ila tumezidi kunenepa. Naandika, na barua nampa dereva wa basi, kwa sababu simu yako huzungumza na mtaa mzima. Ukiipandisha sauti ili usikie, Ghanim naye husikia kule dukani kwake, na yeye si mume wangu tena.

Nimetembea nikitafuta chumba, Mama. Mikindani palinipendeza, lakini malori ya barabara ya Nairobi hayalali, nami nisingelala. Likoni nilipata chumba cha upepo mzuri. Mwenye nyumba akauliza mume wangu yuko wapi. Nilipomwambia nimeachwa na eda imekwisha, akakumbuka ghafla kwamba chumba kina mtu. Nilivuka feri nikilia, kisha nikanunua hindi la kuchoma, nikanyamaza.

Huku Junda ndiko moyo ulikonasa. Chumba ni kidogo, kina jiko lake na dirisha linalotazama mpapai. Bi Mwanarehema, mwenye nyumba, hakuuliza habari za mume. Aliuliza kama naogopa kuku, maana wake huingia watakapo. Nikiwa bado nachungulia, jirani aitwaye Kafedha akatokea na sahani ya mihogo ya nazi, akanikaribisha kana kwamba nimeshahamia. Niliona haya kumkatalia. Mihogo nimeila, na sahani ninayo.

Kazi ipo. Shaza ana duka la mabuibui, na cherehani moja haina mtu. Lakini bila radhi yako sihami. Nijibu, Mama.

Mwanao,
Kuluthum


Lamu
Ijumaa, 9 Agosti 2024

Mwanangu Kuluthum,

Waalaikum salaam, marahaba. Goti lauma, limezoea kukandwa nawe. Msalimu Shaza.

Radhi sitoi. Mwanamke peke yake Kisauni, watu watasema nini? Chumba chako kipo, shuka nimezifua. Kaa hapa upumzike, Mungu ataleta mtu. Ukimwona Ghanim dukani, tazama upande mwingine. Rudi na basi la Jumamosi ijayo.

Na hiyo sahani usiirudishe tupu. Usinitie aibu kwa watu wa Junda.

Mamako


Junda
Jumapili, 18 Agosti 2024

Mama yangu,

Assalaam alaikum, shikamoo. Natumai u mzima na umepunguza kunikasirikia. Basi la jana limeondoka bila mimi. Nisamehe.

Sahani imerudi. Nilipika vibibi vya mchele na nazi kama vyako, ila Shaza hana mbuzi ya kukunia nazi, hutumia tui la pakiti. Kafedha alionja, akatafuna polepole, akauliza, "Mamako hupika hivi?" Nikamwambia mama yangu angevimwagia kuku. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akauliza, "Wahamia lini?" Nikasema namsubiri mama.

Bi Mwanarehema amekubali kunishikia chumba hadi mwisho wa mwezi. Ukisema rudi mara ya pili, nitarudi wala sitanuna. Lakini naogopa, Mama. Dirisha langu hapo kwako linatazamana na duka la Ghanim. Nitakaa dirishani nipumzike, nipumzike, mpaka nizeeke.

Mwanao,
Kuluthum


Junda
Jumanne, 27 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Je, u mzima? Hujajibu, nami nimekuelewa. Mzigo nimeufunga. Ijumaa nitamwambia Bi Mwanarehema ampe chumba mtu mwingine, na Jumamosi nitapanda basi. Usihangaike kupika.

Mwanao,
Kuluthum


Lamu
Jumatano, 28 Agosti 2024

Kuluthum mwanangu,

Waalaikum salaam, marahaba. Mimi mzima. Usimwambie Bi Mwanarehema chochote.

Aliyenichelewesha ni fundi. Nilimpelekea mbuzi yangu ya nazi aitie meno mapya, naye kila siku ni "kesho, mama". Leo nimekaa kibarazani kwake hadi akamaliza. Dereva aliyekupa barua hii mwambie akupe na gunia, imo ndani. Goti langu haliniruhusu tena kuikalia. Tui la pakiti! Nilipofika hapo niliiweka barua chini kwanza.

Kisha nikaiokota, nikasoma hapo pa dirishani. Babako aliponiacha, nawe wangali mgongoni, nilikuja nyumba hii kwa mama yangu nipumzike kidogo. Mpaka leo napumzika. Hakuna aliyenizuia kutoka, ila hakuna pia aliyeniambia nenda, nami nilikuwa nalingoja neno hilo.

Basi mimi nakwambia, nenda. Radhi yangu unayo, ya dunia na akhera. Watu wakisema nitawajibu mimi, na wajua sikosi la kusema. Nimelia kidogo nikiandika, lakini usiyashughulikie hayo, ni yangu.

Mpikie Kafedha vibibi upya, umwambie hivyo ndivyo mama hupika. Sahani zake zirudishe zimejaa.

Mbuzi yangu usiirudishe.

Mamako