Mlango wa Kagunga na Nyembe Ulizozibadilisha

Buzebazeba,
Ujiji, Kigoma.
10 Novemba 2024.

Mpendwa mpwa wangu Alphonce,

Najua ukiifungua barua hii utasema shikamoo hata kabla ya kusoma, maana ndivyo mama yako alivyokulea. Marahaba. Natumaini inakukuta mzima hapo Mafinga, wewe na mkeo Yulitha, na kwamba kikohozi cha mtoto kimekwisha. Baridi ya huko si ya mchezo. Mvalisheni soksi hata akiwa ndani.

Sisi huku hatujambo kwa jumla. Miguu inaniuma asubuhi, lakini ikishapata jua inatembea. Jicho la kushoto limebaki kama ulivyoliacha mwezi wa nane. La kulia bado linasoma gazeti kwa msaada wa miwani. Mvua zimeanza. Dagaa wamekuwa adimu wiki mbili hizi, na binti yangu Regina ananilalamikia kana kwamba mimi ndiye niliyewafukuza ziwani.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu ungecheka, nami ningekata. Isome barua hii mpaka mwisho, kisha mpe Yulitha naye aisome. Kwa ajili yake nitaeleza hata mambo ambayo wewe unayajua.

Babu yako alijenga nyumba yake Kagunga, hatua chache kutoka majini, na mlango wake aliutengeneza mwenyewe kwa mbao ya mninga. Ziwa lilipopanda miaka ile, lilichukua kwanza jiko, kisha ukuta wa mbele. Nilikwenda kwa boti pamoja na Barutwanayo, fundi ninayefanya naye kazi, tukaukuta mlango bado umesimama kwenye fremu yake na maji yakipita chini. Tukaung'oa. Ndicho kitu pekee cha nyumba ile kilichobaki.

Katika kikao cha Pasaka, nawe ulikuwepo, tulikubaliana kwamba ubao mkuu wa mlango huo ukatwe vipande vitano vinavyoshikana, kama lile fumbo la picha ambalo watoto hulipanga. Kila mtoto wa babu yako achukue kipande kimoja nyumbani kwake. Kila tarehe 28 Desemba ukoo unapokutana, vipande viletwe na mlango uunganishwe. Kipande cha kwanza, cha pembeni juu, ni cha marehemu mama yako Skolastika, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Kwa hiyo sasa ni chako.

Kila kipande kina kichwa kinachoingia kwenye tundu la mwenzake, na kichwa hicho kina shingo nyembamba kama ya kibuyu. Shingo ndiyo inayozuia vipande visiachane. Nilichora mistari kwa siku nne, nikabandika karatasi ya mchoro juu ya ubao, nikaiandaa mashine yangu ya msumeno mwembamba, ile uliyojifunzia ukiwa bado na suruali ya shule.

Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa wembe wowote wa msumeno, na hilo nilikufundisha mimi. Mninga wa unene wa kidole unataka wembe wa namba tano, wenye meno machache ya chini yanayotazama juu, yaitwayo meno ya kurudi, ili upande wa chini wa ubao usichanike. Ukitumia wembe mwembamba mno, mninga utaungua na wembe utakatika. Ukitumia namba tisa, ambao ni mpana na wa meno makubwa, utakata vizuri mistari iliyonyooka na mikunjo mipana, lakini kwenye kona ya shingo hautageuka. Utaisukuma mbao pembeni badala ya kuikata.

Nyembe hizo za namba tano haziuzwi hapa mjini. Feliksi, niliyemfundisha zamani, aliniletea dazeni moja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Wewe ulipokuja likizo uliketi kwenye benchi langu, ukazipanga nyembe zangu zote ndani ya mirija ya kalamu zilizokwisha, ukabandika karatasi kwenye kila mrija. Uliandika kwa mwandiko ule niliokufundisha, herufi zimesimama wima: NAMBA 5, MENO YA KURUDI. Nilikusifu mbele ya Regina na Barutwanayo. Nilisema, "Huyu ndiye atakayerithi karakana." Ulitabasamu.

Tarehe 17 mwezi uliopita nilianza kukata. Sheria ya karakana yangu unaijua: usiamini maandishi; pitisha kidole gumba kwenye meno kabla ya kuufunga wembe. Kwa miaka thelathini ya kufundisha useremala sikumruhusu mwanafunzi yeyote aiache. Siku ile niliiacha mimi. Niliuona mwandiko wako, nikafunga.

Nilianza na kipande cha mama yako. Mstari wa kwanza ulikwenda, ingawa mashine ilinguruma. Barutwanayo aliweka randa chini akasema, "Mwalimu, simamisha. Huo si mlio wake."

Nikamwambia, "Mninga wa zamani ni mgumu. Shika kazi yako."

"Nimeshika, Mwalimu. Lakini huo si mlio wake."

Nikaendelea. Nilipofika kwenye shingo, wembe haukugeuka. Nikausukuma ubao kwa nguvu kidogo, na shingo ikakatika. Kichwa kiliruka kikapotelea kwenye vumbi la mbao. Nilipogeuza ubao, upande wa chini ulikuwa umechanika kama mkeka ulioliwa na panya.

Ndipo nikapitisha kidole. Nikaufungua mrija wako, nikazimimina nyembe kumi na moja zilizobaki. Zote zilikuwa namba tisa.

Sasa sikiliza nilichofanya, kwa maana sehemu hii ni aibu yangu na siwezi kukutupia wewe. Ufunguo wa karakana tunao wawili tu, mimi na Barutwanayo. Sikumuuliza kama amezichukua. Nilimuuliza, "Umeziuza wapi?"

Alinitazama. Akasema, "Oya, hapana, Mwalimu. Miaka kumi na moja nashika ufunguo wako. Ningekuwa mwizi, si ningeanza na mashine?"

Jibu hilo lingemtosha mtu mwenye akili. Mimi nilimjibu kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani: "Wageni ndivyo mlivyo." Mtu aliyevuka kutoka Burundi akiwa amebebwa mgongoni, aliyesoma hapa, aliyezaa hapa, aliyeshika nami mlango wa baba yangu maji yakiwa magotini. Jina lako halikunipitia kichwani hata mara moja. Alifuta meza ya mashine kwa kitambaa, akatundika ufunguo kwenye msumari, akachukua mfuko wake wa vifaa akaenda.

Siku ya tatu Regina alikuja karakana. Alisema, "Baba, kaa kwanza." Nikakaa. Akanichezea kwenye simu ujumbe wa sauti uliomtumia mwezi wa tisa, wiki mbili baada ya kuondoka. Nauandika hapa kama nilivyousikia, nawe utanisahihisha kama nimekosea:

"Dada Regina, nyembe za Mzee acha kabisa! Zinapita kwenye mninga kama kwenye ndizi mbivu. Nilimwachia zangu za kupasulia kuni. Kwa macho yale, atagundua nini?"

Kisha ukacheka, na Regina anakiri kwamba naye siku ile alicheka. Nilimwambia aurudie. Mara ya kwanza nilidhani sijasikia vizuri. Alipourudia mara ya tatu nilimwambia inatosha, nikatoka nje.

Alphonce, ungeniomba nyembe sita ningekupa nane. Unafahamu kwamba ningekupa. Umeanza karakana yako, mashine unayo, wateja wanataka saa za ukutani zenye nakshi. Ni nani angefurahi kuliko mimi? Ungezichukua zote ukaniacha na mrija mtupu, ningekasirika kwa siku mbili, kisha ningemwagiza Feliksi nyingine. Mtu akiuona mrija mtupu hakosei. Wewe uliujaza.

Kuna jambo moja ambalo nimelifikiria sana, na ninataka unijibu. Je, ulizibadilisha nyembe kabla ya kuandika ile karatasi, au baadaye? Ikiwa ni baadaye, basi ulishindwa na tamaa asubuhi ya kuondoka, ukifunga mzigo, na vijana hushindwa. Ikiwa ni kabla, basi uliketi mbele yangu, ukaandika NAMBA 5 ukijua ni namba tisa, ukanisikiliza nikikusifu, ukatabasamu. Hayo ni makosa mawili tofauti. Moja nimekwisha kulizoea. Jingine bado silijui nitalifanyaje.

Na macho yangu ulivyoyataja. Nilikuambia wewe peke yako alichosema daktari kuhusu jicho la kushoto. Regina mwenyewe hakulijua jambo hilo mpaka alipousikia ujumbe wako, na siku ile karakana ndipo aliponiuliza.

Kwa Barutwanayo nilikwenda siku hiyohiyo. Nilimkuta mlangoni pake akipiga msasa kigoda. Nilimwita mkewe atoke, nikamwita na jirani yake, kwa kuwa nilimtukana watu wakisikia. Nikasema, "Nilimwita mtu huyu mwizi. Aliyechukua ni mtoto wa nyumbani kwangu. Nimekosa, naomba radhi." Aliendelea kupiga msasa ule mguu mmoja mpaka nikahofu ataumaliza. Hatimaye akasema, "Mwalimu, karibu uji." Nikanywa. Nilipoaga akasema, "Kesho sitakuja. Keshokutwa nitakuja."

Keshokutwa akaja. Kabla ya kuvaa aproni aliingiza mkono mfukoni, akatoa kikaratasi kilichokunjwa, akakiweka mezani. Ndani yake kulikuwa na kile kichwa kilichokatika. Alikiokota kwenye vumbi siku ileile nilipokuwa nikimtukana, akaondoka nacho ili kisije kikafagiliwa. Akaniambia, "Hiki ndicho nilichoiba." Nilicheka, Alphonce, kisha nikavua miwani nikaifuta kwa muda.

Vipande vinne vilivyobaki tumekwisha kuvikata. Fundi mmoja wa mtaa wa Mwanga alituazima nyembe tatu nzuri, na kila mmoja Barutwanayo aliupitishia kidole, nami nikaupitishia changu baada yake. Vimetoka safi. Ukivipanga mezani ukainua upande mmoja, vyote vinne vinanyanyuka pamoja. Kipande cha mama yako kinabaki mezani.

Barutwanayo aliniuliza kama tukigandishe kile kichwa. Gundi ipo, jiriwa ya kukibana ipo, na kazi yenyewe ni ya nusu saa. Nilimwambia hapana. Kichwa hicho nimekifunga kwenye pamba na kukiweka ndani ya bahasha hii. Bila shaka kimekwisha kukuangukia mapajani.

Nataka ukirudishe wewe mwenyewe kabla ya tarehe 28 Desemba. Usikitume kwa basi wala kwa mtu. Ukifika Ujiji usianzie nyumbani kwangu. Anzia kwa Barutwanayo, umwambie kwa mdomo wako ulichofanya. Ufunguo wake ulitundikwa msumarini kwa sababu yako na yangu, na mimi sehemu yangu nimekwisha kuifanya. Kisha uje karakana, unijibu swali langu, halafu tutakigandisha kichwa cha kipande cha mama yako watu watatu.

Wajomba zako Adolf na Bariki bado sijawaambia. Wameshaniuliza kwa nini picha niliyowatumia ina vipande vinne. Nimewajibu kwamba mwenye kile kinachokosekana yuko safarini. Sikuzoea kusema uongo, na sina nia ya kuanza sasa, kwa hiyo hilo nililowaambia lifanye liwe kweli. Usipokuja, siku hiyo nitaweka mezani vipande vinne, na tundu litakaa wazi. Watakaponiuliza, nitawajibu.

Nyembe zangu zilizobaki njoo nazo, hata zile zilizokatika. Sitazitumia. Nataka tu kuziona kwenye mrija wake.

Msalimie sana Yulitha, na umwambie kanga aliyomletea Regina imempendeza. Mbusu mtoto. Wasalimie majirani zenu wa Kigoma mnaosali nao hapo Mafinga. Regina anakusalimu, ingawa kwa sauti ya chini. Barutwanayo nilimuuliza kama ana salamu kwako. Akasema atakupa ukifika.

Mungu aliyemtunza mama yako kitandani mpaka pumzi ya mwisho akutunze nawe barabarani, na akupe ujasiri wa kubisha hodi.

Mimi ni mjomba wako, ambaye hasira haijamwisha wala upendo,

Leodgar Ntahondi.

Nyongeza: Usikipige msasa kichwa hicho ili kionekane safi. Mahali kilipovunjika pana nyuzi za mbao zilizochomoza. Ziache kama zilivyo. Ukizipunguza hata kidogo, hakitarudi mahali pake.