Bolti ya Mwisho ya Fundi Kesho

Ni mwaka mmoja sasa tangu uliponawa mikono, ukaketi kwenye kochi lako na kusema, "Nimebakiza bolti moja tu. Kesho asubuhi." Nilikwenda jikoni kukuletea chai. Niliporudi nayo ulikuwa umeshatuacha.

Ninayeandika kumbukumbu hii ni mimi, mkeo. Binti yako alitaka aandike yeye kwa kuwa mwandiko wake unasomeka, nikamwambia mume alikuwa wangu. Akacheka, akaniachia kalamu. Sasa amesimama nyuma yangu anachungulia, na kila mstari wa pili ananiambia nisitie chumvi.

Mtaa mzima ulikuita Fundi Kesho, na wageni walidhani unatukanwa. Walishazoea mafundi wa njoo kesho, ambao kesho yao haifiki. Ya kwako ilifika. Kila ulichotengeneza, iwe pampu ya maji au cherehani, jioni ulibakiza bolti moja ikiwa imeshikwa kwa vidole tu, ukaenda kulala. Asubuhi ulirudi ukakagua kazi yote ya jana, ndipo ukaikaza na ile iliyobaki. "Jioni mkono umechoka, unakubali chochote," ulisema.

Na kila bolti uliyoikagua uliipaka tone la rangi nyekundu, ujue umeshapita hapo. Ni mara ngapi nimegombana na binti yako kuhusu chupa zangu za rangi ya kucha? Yeye anaapa hajazigusa, mimi siamini. Wewe umekaa hapo hapo unakunywa chai, na kidole gumba kina wekundu. Sijui nilikuwa naangalia wapi.

Kigari kile cha bolti yako ya mwisho kilitoka kwenye uwanja wa michezo ya watoto uliofungwa, mahali walipokuwa wakikodisha magari madogo ya mashindano, yale yasiyo na paa wala milango, ambayo dereva anakaa karibu aguse ardhi. Mdogo wako, dereva wa lori, ndiye aliyekileta, akakishusha mbele ya banda na kusema, "Kaka, hapa pana fremu na kutu tu." Ulikizunguka mara mbili, ukachuchumaa, ukaomba brashi ya waya.

Miezi saba ulikuwa nacho kwenye banda letu lililoegemea ukuta wa jikoni. Mimi napika, wewe unasugua. Ulichomelea fremu palipopasuka, ukaweka injini ya pampu ya maji, ukafunga mnyororo wa pikipiki. Kisha ukang'oa pedali zote mbili. Hapo ndipo nilipojua kigari ni cha nani.

Binti yetu anatembea kwa magongo tangu akiwa na miaka minne. Sasa ni mtu mzima, fundi simu, ana kibanda chake na wateja wanaomsubiri kwenye benchi, na hapendi mtu amshike mkono kuvuka barabara. Siku moja tukiwa mezani alisema amepanda magari ya kila aina na hajawahi kuendesha hata moja. Alisema tu hivyo, kisha akaomba apewe chumvi. Mimi nilisahau kabla sijainuka. Wewe kesho yake ulikuwa unampima urefu wa mikono kwa utepe wangu wa kushonea.

"Kaa wima," ulimwambia.

"Nimekaa wima, baba. Wima yangu ndiyo hii."

"Basi tutapindisha kiti."

Na kweli ukakipindisha, mpaka kikamfuata mgongo. Mafuta ukayapeleka kwenye usukani, mkono wa kulia, na breki mkono wa kushoto, kwa vishikio vya pikipiki. Uliniomba nikushonee kava la kiti, nikakataa. Ukalishona mwenyewe kwa sindano ya magunia, mshono unakwenda kama unafukuzwa.

Nilikataa kwa sababu niliogopa, lakini sikusema naogopa. Siku ile ya mwisho, alasiri, nilisimama mlangoni pa banda na kukuambia kwamba unamtengenezea mwanangu jeneza lenye magurudumu. Neno hilo lilinitoka yeye akiwa amekaa pale pale. Uliweka spana chini, ukanitazama bila hasira, ukasema, "Ndiyo maana bolti hii siikazi leo, bosi." Ukaenda kunawa mikono. Baada ya hapo sikukuambia kitu kingine, ila nilikuuliza kama sukari ni vijiko viwili au vitatu.

Siku za msiba nilikifunika kigari kwa shuka letu la maua na kukataza mtu kukigusa. Bolti iliyobaki ilikuwa ya kishikio cha breki. Zote nyingine zilikuwa na tone jekundu. Mdogo wako alikuja na spana yake, nia yake njema kabisa, akasema ataimalizia dakika moja. Nikamwambia akiigusa asikanyage tena kwangu. Maskini, mtu mzima na lori lake, akairudisha spana mfukoni na kunywa maji.

Watu niliwaambia naitunza kazi yako. Haikuwa hivyo. Bolti ile ikiwa haijakazwa, nilijiona kama bado una kazi ya kurudi kuimaliza. Na kigari kisipotembea, binti yangu hataumia nacho. Nilikuwa nimeshapoteza mmoja, sikutaka kusikia habari ya wa pili.

Binti yako hakubishana nami. Akitoka kazini alikwenda bandani, akakaa kwenye ndoo uliyokuwa ukiikalia, kisha akarudi ndani tukala. Ilikuwa hivyo mwaka mzima, hadi wiki mbili zilizopita, aliposimama mlangoni pa jikoni na kusema, "Mama, baba alisema kesho asubuhi. Hakusema mwakani."

"Nimekusikia."

"Na mimi si wa kufunikwa shuka."

Niliosha kikombe kilichokuwa kimeshaoshwa, nikakiosha tena. Mwisho nikamwambia ampigie simu baba yake mdogo.

Jumamosi iliyopita mdogo wako alimwaga petroli iliyolala humo mwaka mzima, akatia mpya, akajaza matairi upepo. Akazikagua bolti zote zenye rangi, moja moja, kama ambavyo ungefanya. Ile nyingine aliipita akitazama pembeni.

Jumapili asubuhi niliingia bandani na kushika spana yako namba kumi na tatu. Maishani mwangu sijakaza kitu zaidi ya kifuniko cha chupa ya chai. Binti yako alikaa kwenye ndoo akanielekeza. "Kaza mpaka ikatae. Baba anasema ikikataa ongeza robo, basi." Alisema "anasema". Sikumsahihisha.

Ilikataa, nikaongeza robo. Kisha nikabaki nimeing'ang'ania spana, maana nilijua nikiiachia hakuna tena kitu ulichobakiza. Nililia pale nikiwa nimeinama, na binti yako hakunihimiza. Nilipoweza, niliiachia. Chupa ya rangi niliikuta ndani ya kopo la nati, ile ile niliyomnunia mtoto mwezi mzima kwa ajili yake. Ilikuwa imeganda, nikaitia thina kidogo, nikaipaka bolti tone lake. Nikamuomba binti yako radhi kwa chupa hiyo na nyingine zote.

Nyuma ya kiwanda cha sabuni kilichofungwa kuna uwanja wa saruji. Mlinzi alitufungulia geti bila maswali mengi, kwa sababu baiskeli yake iliwahi kupita mikononi mwako. Binti yako alivaa kofia ngumu, akaketi, na kiti kikampokea mgongo wote. Mdogo wako akavuta kamba ya injini. Ikaitika mara ya tatu.

Alianza polepole. Halafu haikuwa polepole tena. Nilikuwa nimeyakumbatia magongo yake, nikifumba macho na kuyafumbua. Alizunguka uwanja mara mbili, mara ya tatu akageuka na kuja moja kwa moja nilipo, kwa mwendo ule ule nilioogopa miezi saba yote. Sikuweza kusogea. Nikaona mkono wake wa kushoto unabana.

Breki ilishika. Kigari kilisimama hatua mbili kutoka miguuni pangu, binti yako machozi yanamtiririka ndani ya kofia, mimi yangu hayana hata pa kujificha. Akasema, "Mama, sogea. Bado sijamaliza."

Nikasogea, mume wangu. Laiti ungeona nilivyosogea.

Neno lile nililokuambia mlangoni uliondoka nalo, na sina mahali pa kulirudisha isipokuwa hapa gazetini, wasomaji wote wakisikia. Ulimtengenezea mtoto wetu kitu kizuri, na nilikuwa nimekosea. Nisamehe.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, uliyeniita bosi hali ukijua hunisikilizi. Binti yako fundi simu, ambaye tangu Jumapili haongei habari nyingine. Mdogo wako dereva wa lori, anayesema injini ingeitika mara ya kwanza kama ungekuwepo. Na majirani ambao pampu zao na cherehani zao bado zina matone yako mekundu.

Leo tumekukumbuka. Kesho asubuhi tutakukumbuka tena, na kila asubuhi baada ya hiyo.