Shahidi wa Utotoni

Bakoba, Bukoba
3 Februari 2025

Kaka Rugaibula,

Shikamoo, waitu. Habari za Nshamba, habari za kibanja na migomba yake? Kifua chako kimepoa? Huku hatujambo, ila bati linavuja juu ya kitanda, nami nimehamisha kitanda badala ya kuziba bati. Simu umeizima tena, kwa hiyo barua hii nampa Projestus, dereva wa gari la Nshamba, akukabidhi mkononi.

Kaka, nina ombi. Nimekwenda hospitali kwa mwanasaikolojia, Bwana Lwakatare. Anapima watu wazima ambao akili zao zimekuwa na mwendo wake tangu kuzaliwa na hakuna aliyegundua. Anataka maelezo ya mtu aliyeishi na mhusika tangu utotoni, na mama hatunaye tena, tata naye hatunaye. Sababu yenyewe nitakueleza mwisho wa barua. Kwanza nijibu haya. Mtoto alikuwa anacheza peke yake? Kelele zilimsumbua? Alikataa vyakula vilivyogusana? Alikuwa anapoteza vitu, anakatiza watu maneno, ananyanyuka kabla kazi haijaisha? Kuna jambo moja alilipenda mpaka watu wakamchoka?

Ngoja, maharage yanaungua.

Nimerudi. Yameungua. Bamdogo Kahangwa nilikutana naye sokoni, akaniuliza kama bado unaishi mwenyewe, nikamwambia ndiyo. Projestus anapiga honi. Jibu upesi.

Mdogo wako,
Agnetha


Nshamba, Muleba
6 Februari 2025

Mdogo wangu Agnetha,

Marahaba. Kifua kimepoa. Migomba haijambo, nayo haiulizi maswali.

Barua yako nilianza kuisoma nikiwa nimesimama, nikaona bora nikae. Uliahidi sababu mwisho wa barua. Mwishoni nimekuta honi ya Projestus. Nikajumlisha mwenyewe: mpima akili, utoto, na bamdogo Kahangwa, wote kwenye karatasi moja. Tangu tuanue matanga ya tata, bamdogo anapita kwenye mpaka wa kibanja kila Jumamosi. Anasimama, anatazama migomba, anaondoka. Sasa mrithi akishathibitishwa kuwa kichwa chake hakifai, ukoo utakaa kikao na kibanja kitapata mwenyewe mwingine. Kuliona hilo hakuhitaji chuo.

Lakini umeuliza, na mimi nikiulizwa siwezi kukaa na jibu.

Kucheza peke yangu: ndiyo. Wenzangu walikuwa wanabadilisha sheria katikati ya mchezo. Kelele: kengele ya kigangoni ilinitoa machozi, nikawa nakwenda misa na pamba masikioni, katekista akadhani natoka usaha. Vyakula: maharage na ndizi sikuwakosanisha mimi, na kuwapatanisha si kazi yangu. Kupoteza vitu: panga la tata liko kwenye msumari uleule aliougongomea mwenyewe. Anayepoteza vitu kwenye familia hii unamfahamu. Jambo nililolipenda: aina za migomba. Nilizitaja zote kwenye msiba wa shangazi, waombolezaji wakahamia upande wa pili wa nyumba.

Mwambie Bwana Lwakatare, na bamdogo pia, kwamba kumbukumbu zangu ni nzima.

Kaka yako,
Rugaibula (mrithi)


Nshamba, Muleba
24 Februari 2025

Mdogo wangu Agnetha,

Sijui kama hujambo, kwa sababu hujajibu. Projestus anaapa kwamba barua alikupa mkononi. Nimemwapisha mara ya pili.

Jumamosi bamdogo alikuja na fimbo ndefu. Akaichomeka kwenye mfereji, akaitoa, akaitazama. Nikamuuliza, "Unapima?" Akasema, "Naangalia kama maji yatapita." Mvua haijanyesha siku nyingi. Kisha akaniuliza, "Umekula?" Nikaliona hilo swali lilikotoka: kwenye orodha yako ya vyakula. Nikamjibu kwamba sina njaa. Akaacha ndizi mbivu pale mpakani, kama mtu anayetega ngedere, akaenda zake. Sikuzigusa. Ngedere wenyewe walikuja wakazila. Niliwafuatilia hadi jioni. Hakuna aliyekufa, lakini bado ni mapema kusema.

Kama kikao cha ukoo kimeshapangwa, niambie tarehe. Nitakuja mwenyewe, sitaki kuitwa.

Kaka yako,
Rugaibula (mrithi)


Bakoba, Bukoba
28 Februari 2025

Kaka yangu,

Shikamoo sana. Nisamehe. Barua yako ya kwanza niliisoma sokoni nikacheka peke yangu, nikaitia mkobani, mkoba nikauacha kwa fundi cherehani. Nimeupata jana.

Kaka, maswali yale hayakukuhusu. Ninayepimwa ni mimi. Naapa niliamini nimeandika hivyo. Ile sentensi nilikuwa nayo kichwani kabisa, nadhani iliungua pamoja na maharage.

Shuleni mkuu aliniita ofisini. "Mwalimu Agnetha, watoto wanakupenda, wazazi wanakupenda. Alama za muhula uliopita ziko wapi?" Zilikuwa kwenye friji, kaka. Hata mimi sijui zilifikaje. Ameniambia muhula huu ukiisha nikiwa hivihivi, nitafute pengine. Bwana Lwakatare anafikiri ni hiyo inayoitwa ADHD, mtu anazaliwa na mawazo yasiyotulia halafu maisha yake yote anaitwa mzembe. Kuna dawa, na kuna namna ya kusaidiwa kupanga kazi. Lakini hawezi kuthibitisha bila mtu aliyeniona nikiwa mdogo. Nimebaki na wewe tu. Ni tarehe 12 Machi, saa nne asubuhi.

Bamdogo sijamtuma, haki ya Mungu.

Na hili usinikasirikie. Leo asubuhi Bwana Lwakatare nilimsomea barua yako, nikitaka acheke namna ulivyokosea. Hakucheka. Aliniomba nirudie pale kwenye migomba.

Mdogo wako,
Agnetha


Nshamba, Muleba
4 Machi 2025

Mdogo wangu Agnetha,

Marahaba. Mimi mzima, kadiri ninavyojijua.

Unasema anayepimwa si mimi, kisha unasema umemsomea barua yangu. Seremala akiniambia jeneza si langu, basi asinipime mabega.

Nitakuja kwa masharti. Nitakaa karibu na mlango. Simpi mtu mkono. Hataniuliza habari zangu.

Nitakuja kwa sababu ya senene. Nadhani umesahau. Mama alitupa kila mtu ungo wake tunyonyoe mabawa na miguu. Wangu niliumaliza, nikawapanga wa kijani huku na wa kahawia huku. Wewe ulinyonyoa wachache, ikapita pikipiki, ukakimbia kuiona. Ukarudi, ukanyonyoa wawili, ukaenda kumwangalia kuku. Uliporudi tena, senene wako wamepanda ukutani. Mama akachukua fimbo, akisema mvivu wewe. Mimi nilikuwa nakutazama. Ulianza kulia fimbo ikiwa bado juu, ukisema, "Nilitaka kumaliza, nilitaka kumaliza." Mvivu hasemi hivyo, mvivu anakimbia. Siku ile hakuna aliyeniuliza. Sasa nimeulizwa.

Mwambie afunge dirisha la upande wa barabarani.

Kaka yako,
Rugaibula (mrithi)


Bakoba, Bukoba
20 Machi 2025

Kaka yangu,

Shikamoo. Ulifika salama? Projestus anasema hukupanda gari lake.

Majibu yametoka. Ni ADHD. Nililia pale pale kwenye kiti, mhudumu akanipa maji, nikayasahau juu ya meza. Mkuu wa shule ameisoma barua ya hospitali mara mbili. Amesema Mwalimu Joviana atakaa nami kila Ijumaa tujaze alama kabla sijarudi nyumbani, na kazi yangu ipo. Kaka, ni wewe uliyeiokoa. Uliongea saa nzima ukiitazama kalenda ya ukutani, ukamsahihisha Bwana Lwakatare mara tatu, naye akawa anaandika tu. Kumbe kuna mtu aliyeniona miaka yote ile.

Ila alipokuuliza kama nawe ungependa kupimwa, ulinyanyuka ukaondoka bila kuaga.

Anasema huenda ni usonji. Si kichaa, kaka. Nilimuuliza kuhusu kibanja, akashangaa, akasema hakimhusu, na hampi mtu yeyote maelezo yako bila wewe kukubali. Anasema tu kwamba huenda umechoka kujilinda na watu ambao wengine hawakuwa na nia mbaya. Nikajitolea kuwa shahidi wako. Akauliza umri wangu. Umenizidi miaka tisa, ulipokuwa mtoto mchanga mimi sikuwepo duniani. Aliyekuona ukiwa mdogo na bado yu hai ni mmoja. Jina lake siliandiki, usije ukachana karatasi.

Mdogo wako,
Agnetha


Nshamba, Muleba
18 Mei 2025

Mdogo wangu Agnetha,

Marahaba zako zote ulizonidai. Kifua kizuri. Kahawa imeanza kuiva upande wa juu.

Nilikuwa nasubiri nione kama ukoo utaitwa. Haukuitwa. Nikasubiri nione kama nawe utabadilika. Barua yako ya Pasaka ilikuja na sentensi zote, hilo likanitia wasiwasi zaidi.

Jana Jumamosi bamdogo alisimama palepale. Nikamwendea na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni anavyostahili. Nikamsalimu mimi kwanza. Kidogo aangushe fimbo.

Nikamuuliza, "Bamdogo, nilipokuwa mdogo nilikuwaje?"

Akatafuna kwanza. Akasema, "Hukusema neno mpaka ukafika miaka minne. Tulidhani wewe ni bubu. Siku uliposema, ulitaja migomba, mmoja mmoja kwa jina lake, kutoka mlangoni hadi hapa tuliposimama. Mama yako alilia. Baba yako akasema, huyu ndiye atakayenirithi, huyu hatausahau hata mmoja."

Nikamuuliza habari za fimbo na mfereji. "Uliwahi kutumbukia humo ukitazama ndizi juu. Nahofia tope likijaa utazama."

Nikamuuliza habari za Jumamosi.

"Baba yako aliniachia maneno. Mpitie. Muulize kama amekula. Usiingie mpaka akuite." Akatema ganda la kahawa. "Sasa mwaka wa sita hujaniita."

Nimeyakagua maelezo yake usiku kucha na leo mchana, na yanakubaliana na niliyoyaona, hata zile ndizi za ngedere. Jumatano tunakuja naye kwa Bwana Lwakatare. Kwenye gari yeye atakaa mbele, mimi nyuma yake, niweze kumwona. Pika ndizi na maharage, kila kimoja sahani yake, na usiondoke jikoni.

Jana nilimwita ndani. Aliingia upesi mno, kama mtu aliyekuwa ameshavua viatu. Bado namchunguza.

Kaka yako,
Rugaibula