Vyuma Tisa vya Moto na Koti la Baba

Mpendwa kaka Kashindi,

Neno kaka sijawahi kulitumia kwako. Wiki zote ulizolala chumbani mwangu nilikuita "weye," au nilikohoa kidogo ukageuka. Leo ninaliandika mahali ambapo wengi watalisikia, kwa sababu namba yako haipatikani tena, na hakuna anayejua kama uko Johannesburg, Cape Town, au umerudi Uvira. Katibu wa kanisa letu amekubali kuituma barua hii kwenye makanisa ya Wakongo ya miji mingine, isomwe baada ya matangazo. Mimi nisiyeweza kusoma hata Zaburi mbele ya watu nimemwambia ni sawa.

Ulifika siku ya tisa baada ya kumzika baba. Mlango nilifungua mimi. Ulikuwa na begi moja, na kola ya shati lako ilikuwa imegeuzwa na kushonwa upya, kama baba alivyozoea kuokoa mashati yaliyochakaa. Uliuliza, "Ni hapa kwa mzee Elia, fundi wa nguo?" Kisha ukaiona picha yake mezani, na mshumaa pembeni, na hukuuliza tena.

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kochi. Hakuinuka.

"Weye uko mutoto ya nani?"

"Yake," ulisema, ukiitazama picha.

Mama aliingia jikoni, akafungua bomba la maji, akaliacha litiririke. Hakuwa anaosha kitu chochote.

Walikupa godoro chumbani kwangu, maana mgeni wa msiba hafukuzwi. Wakati ule nilikuwa nimeazima maktaba kitabu kinene cha wafalme wa Norwe wa karibu miaka mia tisa iliyopita. Unakumbuka tulivyokaa kwenye ngazi za ghorofa, tukiitazama miti ya bustani ya Albert Park, nami nikikutafsiria? Kuongea sikuweza, lakini kusoma niliweza. Nilikueleza kwamba kwao kila mtoto wa kiume wa mfalme, wa ndani ya ndoa au wa nje, alikuwa na haki sawa ya kudai ufalme. Kwa hiyo kila mfalme alipokufa, na wengine hata kabla hawajafa, kijana alitokea kutoka mahali fulani akisema, baba yangu ni huyo.

Mmoja alitoka Ireland. Alidai kuwa mwana wa mfalme aliyekwisha kufa, na kwamba mfalme aliyekuwa akitawala ni kaka yake. Lugha ya Norwe aliikwaruza, na watu wa ikulu walimcheka.

"Kama miye na Kizulu," ulisema.

Alitakiwa kuthibitisha. Wakapanga chini vyuma tisa vya plau vilivyochomwa hadi vikawa vyekundu, naye akavikanyaga kimoja kimoja bila viatu, huku maaskofu wawili wamemshika mikono. Baada ya siku tatu miguu yake ilikaguliwa, ikaonekana haijaungua. Akakubaliwa kuwa mtoto wa mfalme. Lakini kwanza walikuwa wamemwapisha kwamba hataudai ufalme maadamu mfalme yule na mwanawe wako hai.

Ulicheka hadi mama mmoja wa ghorofa ya tatu akachungulia. "Mwambie baba mudogo asitafute chuma. Lami ya Durban saa sita inatosha. Natoka hapa bila viatu mpaka kwa ile robot, taa ya magari pale kona. Ikiwaka nyekundu, nasimama!"

Nilicheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu baba afe.

Siku chache kabla ya kuondoa matanga ulilikuta koti la baba, lile la kahawia alilojishonea mwenyewe, bitana yake imechanika kwapani. Ulikaa kwenye mashini yake pale dirishani bila kuomba ruhusa. Mama alipita, akasimama nyuma yako, akaendelea na kazi zake. Ulisema tu, "Koti ya mzee haivaliwi imepasuka."

Ulijua maana ya koti lile. Kwetu, matanga yakiondolewa, wazee humvisha mwana wa kwanza koti la marehemu, na kuanzia hapo yeye ndiye hukaa mahali pa baba. Mimi nilikuwa mwana wa kwanza hadi ulipobisha hodi. Hata hivyo ulilishona, na mishono yako ilikuwa midogo na sawa kama yake.

Siku ya kuondoa matanga, kwenye ukumbi wa kanisa, wazee walikuhoji. Baba yako alikupigia simu lini? Aliwahi kukuletea nini? Ulijibu kwamba alikuacha tumboni, akaja kujua habari zako ukiwa mkubwa, mkaongea kwa simu mara mbili. Shahidi hukuwa naye.

"Unataka nini?" baba mdogo aliuliza. "Mashini?"

"Sitaki mashini. Sitaki kitu. Muniite tu mutoto yake."

Ndipo akanigeukia mimi. "Weye ulikuwa unatembea na baba yako kila mahali. Alikuambia kitu juu ya huyu?"

Aliniambia, kaka. Tulikuwa tumeenda Isipingo kununua vitambaa, mvua ikatubana chini ya paa la duka karibu na kituo cha taxi. Akasema, huku akiitazama mvua, "Iko kaka yako Uvira, anaitwa Kashindi. Nilimuzaa mbele sijaoa mama yako. Usimwambie kwanza. Nitamwambia miye mwenyewe." Hakuwahi kumwambia. Ugonjwa ulimtangulia.

Mbele ya wazee nilisema, "Hapana."

Nimejaribu kujieleza kwamba ni aibu yangu, kwamba watu walikuwa wengi na mama alikuwa ananitazama. Si kweli yote. Nililitaka koti. Nimelipima jambo hili kama ninavyopima mambo ya kitabuni, kwa utulivu, na jibu ni hilo kila mara.

Wakanivisha. Ukatikisa kichwa kidogo kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokuwa na mpango wa kukinunua. Ukachukua begi. Mlangoni uliniambia, "Soma vizuri, mudogo wangu."

Kitabu nilikimaliza baadaye. Yule mtu wa Ireland alivunja kiapo mfalme alipokufa. Aligawana nchi na mwana wa mfalme, wakapigana, na alipomshinda aliamuru atobolewe macho. Kisha akatokea mwingine na dai lile lile: mimi pia ni mwana wa baba yako. Naye, aliyekuwa amevikanyaga vyuma vya moto ili aaminiwe, alimkataa. Huyo aliyekataliwa ndiye aliyemuua.

Nilifunga kitabu, nikakirudisha maktaba siku mbili kabla ya tarehe. Nilipokuwa nashuka ngazi zile tulizokaa, niliona kwamba wazee walikosea mtu. Wewe hukuwa na cha kuthibitisha. Vyuma vile vilikuwa vyangu kuvikanyaga, vilikuwa neno moja tu, na nilivikwepa.

Nimewaambia ukweli nyumbani, Jumapili iliyopita, mezani. Sauti ilinitoka ndogo hadi baba mdogo akasema, "Rudilia." Nikarudia. Akashika kichwa. "Eish. Tumefukuza mutoto ya mukubwa wangu kama mwizi."

Mama aliendelea kukata sombe, majani ya muhogo ya mboga. "Siku alikaa kwa mashini nilimuona mugongo," alisema. "Nikajua. Nilikuwa nangoja weye useme." Nilimuuliza kwa nini yeye hakusema. Aliweka kisu chini. "Miye alinificha. Weye alikuambia."

Baba mdogo anasema koti halivuliwi hivi hivi. Wazee lazima wakae tena, na wewe lazima uwepo. Wamekubali. Mwaka huu wa Kombe la Dunia mji umejaa wageni, na kila kijana anayeshuka kwenye basi na begi moja ninamwangalia usoni.

Mimi sijambo. Nasoma. Godoro lako liko palepale. Koti nimelitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nililivaa siku ile moja tu, na mikono yake ilinifunika vidole. Jana niliikagua bitana: mshono wako haujaachia hata uzi mmoja. Ukija hutaulizwa kitu. Mlango nitafungua mimi, na safari hii nitasema wewe ni nani kabla hawajauliza.

Mdogo wako