Kiungo Alichotutumia Prefe

Jumatatu, 7 Oktoba
Umeme umekatika tena katikati ya somo. Kompyuta kumi na mbili zimezima kwa mpigo. Nimemalizia somo ubaoni: Kiungo kilichofupishwa kinaficha kinakokupeleka, kwa hiyo usikibonyeze. Kinakili, kibandike kwenye tovuti inayofungua viungo vifupi, usome anwani kamili. Ukiwa na shaka, mpigie aliyekutumia. Neno la siri usiandike. Darasa la sita, wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wamenakili kimya. Joto kali. Nimerudi nyumbani na chaki hadi kwenye nywele.

Jumanne, 8 Oktoba
Prefe, mkuu wetu wa shule, ametuma kiungo kifupi kwenye kundi la wazazi na wanafunzi. Fomu ya ufadhili wa chuo kikuu, mwisho Ijumaa. Ameniagiza niwasaidie darasa la sita wote kuijaza. Nimekikagua kwa njia ileile ninayofundisha. Anwani ni herufi zisizo na maana, si ya chuo chochote. Ukurasa wenyewe unataka neno la siri la barua pepe.

Nimekwenda ofisini kwake. Amenisikiliza amesimama.

"Madamu, hii lien, hii kiungo, imetoka kwa muntu wa kuheshimika. Unataka bazazi baseme Prefe anadanganya batoto?"

Kisha akataja mkataba wangu, kwamba bado hajausaini. Nikasema ndiyo, Prefe, sitasema kitu. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumatano, 9 Oktoba
Mazoezi. Nimewapa viungo vitano nilivyotengeneza mimi. Wamevikagua vizuri, hata wale wa nyuma. Halafu Nelly, msichana wa Kasenga anayesoma kila kitu mara mbili, akainua mkono.

"Madamu, na ile ya Prefe, tuiangalie?"

Darasa zima likanitazama. Nikasema hiyo si sehemu ya zoezi. Nelly akashusha mkono polepole. Ameelewa. Ndilo linaloniumiza.

Mimi ni mwoga. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuandika. Nikisema, sina kazi. Nikinyamaza, nafundisha nini?

Alhamisi, 10 Oktoba
Divine, mwanafunzi wangu wa darasa la sita, aliijaza fomu jana jioni, peke yake, kwa simu. Leo hawezi kuingia kwenye barua pepe yake wala kurasa zake za mitandaoni. Kuna mtu anawaandikia ndugu zake kwa jina lake: naumwa sana, niko hospitali, nisaidieni. Baba yake mdogo ametoka Kipushi alfajiri. Amezunguka wodi tatu akimtafuta kitanda kwa kitanda, hadi akaletwa shuleni na jirani. Alipomwona Divine uwanjani amesimama na begi lake, alikaa chini mavumbini.

Nilikuwa dirishani. Nilijua tangu Jumanne.

Ijumaa, 11 Oktoba
Prefe amekuja mwenyewe kusimamia ujazaji. Akasimama mlangoni, mikono nyuma. Hakuna pa kupita.

Nimeandika kiungo chake ubaoni. Nikawaambia: kabla ya kujaza, tunakagua. Nikamwita Nelly kwenye kompyuta ya mbele. Alibandika, akangoja, akasoma anwani herufi moja moja kwa sauti. Kila mtu alisikia kwamba si jina la chuo.

"Iko ya nani hiyo?" Prefe akauliza.

"Hatujue, Prefe," Nelly akajibu.

Nikasema nilijua tangu Jumanne, na kwamba Divine aliumia kwa sababu nilinyamaza. Prefe alikuja kutazama kioo cha kompyuta. Akaondoka. Hakuna aliyejaza.

Jumamosi, 12 Oktoba
Asubuhi Prefe ameandika kwenye kundi: ile fomu msiijaze, waliokwisha kuijaza wabadilishe maneno ya siri. Mistari miwili. Kuhusu mkataba sijui lolote.

Nimekwenda kwa akina Divine. Barua pepe yake bado imefungwa. Bibi yake alikuwa anachambua maharage, akanisogezea kiti. Nimemwomba Divine msamaha mbele yake. Divine akaenda kuleta kalamu. Tukaandika majina ya ndugu wote kwenye karatasi, tukawapigia mmoja mmoja kuwaambia ni mzima. Imechukua mchana wote.

Wa mwisho alikuwa shangazi yake wa Kasomeno. Hakutaka maelezo. Alimwomba tu Divine aendelee kuongea, chochote kile, aisikie sauti yake, naye akaanza kumsimulia walichokula siku hiyo.