Nyanya Tatu na Vitunguu Viwili

Njeri wangu,

Nakuandikia nikiwa dukani kwa baba, hapa mjini, kitabu chetu cha mazoezi kiko mbele yangu na sijakifungua. Mtihani wa kuingia chuo ni Jumamosi. Tangu homa ya mapafu ikuchukue sijafanya hata swali moja. Nakaa tu.

Jana nilijikaza nikaenda soko la Kangemi, kwa yule mama wa nyanya, pale ulipokuwa ukinifundishia hesabu Jumapili. Unakumbuka? Nyanya tatu na vitunguu viwili ni shilingi hamsini. Je, tunaweza kujua bei ya nyanya moja? Nikashika kalamu mbio. Ukanicheka. "Zuhura, nani amekuuliza bei? Umeulizwa kama habari zinatosha."

Hazikutosha. Ukaniongezea: nyanya sita na vitunguu vinne ni mia moja. Nikasema sasa zinatosha, nikajiona bingwa. Ukasema, "Umepigwa chenga. Ni maneno yale yale mara mbili." Ndipo ukaokota nyanya moja na kitunguu kimoja, ukamuuliza yule mama bei ya vyote viwili pamoja. Ishirini. Hiyo ndiyo ilikuwa habari mpya.

Tangu tukuzike watu wananipa pole. Pole, Zuhura. Pole sana. Naitikia asante, lakini moyoni nasema habari hazitoshi, Njeri atapiga simu. Pole zote ni ile moja imezidishwa. Hata kaburini sikulia. Mwenzio nilikuwa nakungoja.

Basi jana yule mama akanifungia nyanya, akauliza, "Na mwenzako leo amebaki wapi?" Hakuwa anajua. Ilibidi nimwambie mimi. Nikasema, "Alikufa." Sikuwa nimewahi kulitamka kwa mdomo wangu. Akauacha mfuko, akanishika mkono, nikalia mbele ya wateja wake.

Habari zimetosha, Njeri.

Upweke huu sijui niufanyeje. Nikikwama kwenye swali nageuka nikuulize, nakuta magunia ya mchele ya baba. Lakini Jumamosi nitaenda. Likija swali la bei nitaweka kalamu chini kwanza, kama ulivyotaka siku zote, nijiulize kama habari zinatosha. Kisha nitajibu, peke yangu.

Lala salama, dada. Sikungoji tena.

Zuhura