Nilivyomkosa Potwe kwa Heshima

Mama Moraa wangu,

Salamu kutoka Wasini, ambako baba yako na mimi tunafaidi likizo ya bwana wake Mzungu, yule anayempikia. Joto la hapa lingekausha chai yetu yote ya Nyamache ikiwa bado shambani.

Jana, baada ya kufundishwa wiki nzima kwenye maji ya magoti, tulipelekwa kupiga mbizi na mitungi ya hewa, tukamtazame potwe. Huyo ni papa mpole, mrefu kama basi, na hupita hapa msimu huu tu. Mashua ilipotia nanga, baba yako akaanza kuvua suruali. Wewe unajua chinsoni, miiko yetu ya heshima: mkwe asiuone uchi wa baba mkwe, hata kwenye mawimbi. Nikageuka, nikajifunika taulo kichwani.

Papo hapo watu wakapiga kelele: potwe huyo, ubavuni mwa mashua!

"Tata, umeshavaa?" nikamwuliza mzee.

"Bado! Usigeuke!"

Nikangoja. Nikauliza tena. Kumbe mzee, ambaye nyumbani huvuka mto Gucha kwa maombi, alisharuka na kaptura yake mpya, yuko chini anaogelea na potwe kama marafiki wa zamani. Alipopanda juu, samaki alikuwa ameshakwenda zake.

Jioni nikamsikia akiwaeleza Wazungu, kwa masikitiko makubwa, kwamba mume wa binti yake ni mtu mwema, ila anaogopa samaki mpaka anajifunika taulo.

Nimekukumbuka sana. Wasalimie watoto. Habari hiyo ikifika Nyamache kabla yangu, cheka tu, lakini ujue nilichofumbia macho hakikuwa samaki.

Baba Moraa